Berlin kwa Kiswahili: shajara ya ziara ya darasa letu la Jumamosi

Darasa letu lina wanafunzi 14, wa miaka 12 hadi 18. Tunakutana kila Jumamosi asubuhi hapa Magdeburg, katika ukumbi wa kuazima, kusoma na kuandika Kiswahili. Wazazi wao wametoka Tanzania, Kenya, Burundi na mashariki ya Kongo. Wao wenyewe wengi wamezaliwa hapa hapa Ujerumani. Mwaka huu tumeamua kuutembelea mji wa Berlin kwa Kiswahili, kuanzia maandalizi hadi maelezo ya kila kituo. Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na makosa, kwa ajili ya mwalimu au mzazi anayetaka kufanya jambo hili na kikundi chake.

1 Machi 2025: wazo, orodha na fedha

Wazo lilitoka kwa wanafunzi. Wameshakwenda Berlin na shule zao za kawaida, wakapigwa picha kwenye Lango la Brandenburg, wakarudi. Safari hii wanataka kueleza wao, kwa lugha ya nyumbani.

Kila mzazi amechanga euro 25, jumla 350. Mfuko wa darasa umeongeza 200. Tuna euro 550.

Orodha tuliyoiandika ubaoni ina vituo kumi na kimoja: Bunge (Reichstag) na kuba lake la kioo, Lango la Brandenburg, Kumbusho la Wayahudi waliouawa na Wanazi, Wilhelmstraße, Checkpoint Charlie, Gendarmenmarkt, Kisiwa cha Makumbusho, kanisa kuu, Alexanderplatz na mnara wa televisheni, Makumbusho ya Viumbe Asilia, na kipande cha Ukuta kilichochorwa picha kule East Side Gallery. Vyote kwa siku moja. Niliikubali orodha hiyo bila kuipunguza hata mstari mmoja.

24 Machi 2025: kwenda kukagua njia peke yangu

Nilikuwa na mapumziko Jumatatu, nikapanda treni ya mkoa asubuhi. Kutoka Magdeburg ni karibu saa mbili bila kubadilisha.

Kosa la kwanza: Makumbusho ya Viumbe Asilia hufungwa Jumatatu. Nilisimama Invalidenstraße mbele ya mlango uliofungwa na daftari langu mkononi. Anayetaka kukagua aende Jumanne hadi Ijumaa.

Kosa la pili lilinila saa nzima. Nilitaka kuliona jiwe la kumbukumbu la Mohamed Husen, mtu wa Dar es Salaam aliyekufa katika kambi ya Wanazi, Brunnenstraße namba 193. Nikajiambia namba 193 lazima iwe mbali huko mwisho, nikashuka kituo cha Voltastraße cha U8, njia ya treni za chini ya ardhi, na kuanza kutafuta. Nimetembea, nimeuliza, sikuliona. Kumbe mitaa mingi ya zamani ya Berlin huhesabiwa kwa mtindo wa kwato ya farasi: namba zinapanda upande mmoja hadi mwisho wa mtaa, kisha zinarudi upande wa pili. Namba kubwa kabisa inatazamana na namba 1. Kwa hiyo 193 iko mwanzoni, hatua chache kutoka Rosenthaler Platz. Nilipofika, jiwe lilikuwa limefunikwa na gurudumu la baiskeli. Niliisogeza kidogo nikalisoma.

Kosa la tatu ni la karatasi. Ramani niliyoichapisha ilikuwa ya zamani, na Petersallee bado imeandikwa. Nilizunguka Mtaa wa Kiafrika (Afrikanisches Viertel), eneo zima lenye barabara za majina ya Kiafrika huko Wedding, nikiutafuta mtaa ambao haupo tena. Tarehe 23 Agosti 2024 jina la Petersallee, ambalo asili yake ni Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, liliondolewa. Sehemu moja sasa inaitwa Anna-Mungunda-Allee, nyingine Maji-Maji-Allee. Nilikuwa nimesoma habari hiyo, lakini kusoma ni kitu kimoja na kuinua macho ukaona Maji-Maji kwenye kibao cha mtaa cha Berlin ni kitu kingine. Nilikaa pale nikasahau baridi.

Hata hivyo sikuviongeza vituo hivyo viwili kwenye orodha. Niliona orodha imeshajaa.

Gharama ya siku: chai na mkate, euro 7. Nauli haikuniongezea kitu kwa sababu nina Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za mkoa na usafiri wa mijini kote Ujerumani, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 58.

12 Aprili 2025: majina ya Bungeni

Kuingia kwenye kuba la Bunge ni bure, ila lazima ujiandikishe mapema na kutaja jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu. Nimepeleka orodha ya watu 16: wanafunzi 14, mimi, na mama mmoja aliyejitolea kutusindikiza. Tumethibitishiwa saa nne na robo asubuhi, tarehe 26.

Tumegawana vituo, kila mmoja aandae maelezo ya dakika tatu. Binti wa miaka 15 amechukua Bunge na ameshaleta kurasa mbili.

26 Aprili 2025: safari ya kwanza

Ilikuwa Sikukuu ya Muungano, na watoto wa Kitanzania walivaa bendera shingoni. Tuliondoka wote 16 kwa wakati. Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama, na naandika kwa mpangilio ili kila kosa lionekane lilikoanzia.

Bungeni. Wakaguzi walilinganisha majina na pasipoti. Binti yule wa kurasa mbili nilikuwa nimemwandika kwa jina la nyumbani, lile tunalomwitia darasani tangu akiwa mdogo. Pasipoti ina jina jingine. Kijana wa miaka 17 alikuwa na picha ya kibali chake cha ukaazi kwenye simu, kadi yenyewe ameiacha mezani kwao. Wote wawili walizuiwa, na walizuiwa kwa haki. Mama yetu alibaki nao nje. Sisi tulipanda juu, tukazunguka ndani ya kile kioo, na hakuna aliyeweza kueleza chochote kwa sababu mwenye maelezo yuko chini. Niliposhuka nilimkuta amekaa kwenye majani akimsomea mama: jengo lilimalizika 1894, likaungua 1933, kuba la sasa limebuniwa na Norman Foster na kufunguliwa 1999. Alisoma hadi mwisho bila kuinua kichwa. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Dawa yake ni rahisi na sasa ni sheria kwetu. Majina yanakiliwa kutoka pasipoti, herufi kwa herufi. Vitambulisho vinakaguliwa vikiwa mkononi, kwenye jukwaa la treni Magdeburg, kabla ya mtu yeyote kupanda.

Lango la Brandenburg, dakika tano, picha. Hakuna la kusema.

Kumbusho la Wayahudi. Hapa ndipo ninapoumia hadi leo. Ni mawe ya saruji 2,711 ya kimo tofauti, na ardhi chini yake inapanda na kushuka hadi unajikuta umezama katikati yake. Tulikuwa tumechelewa, kwa hiyo niliwaachia waingie kabla sijawaeleza kitu. Dakika mbili tu, wadogo watatu wakawa wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Mzee mmoja aliyekuwa anapita aliwatazama, kisha akanitazama mimi. Watoto hawakuwa na kosa; hakuna aliyewaambia wako wapi. Mahali pa namna hii paelezwe siku moja kabla, darasani, watu wakiwa wamekaa na wametulia. Kama hakuna nafasi ya kufanya hivyo, kituo kifutwe.

Wilhelmstraße. Nilikipangia dakika tano pia. Karibu na namba 92 kuna bango la maelezo kando ya njia, na nyuma yake majumba ya ghorofa ya kawaida kabisa. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Bismarck, kansela wa Ujerumani, ambamo kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 wajumbe wa mataifa 14 walikaa kujadili Afrika, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyealikwa. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27, Carl Peters alipewa hati ya ulinzi ya Kaisari kwa ardhi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami.

Kijana wa miaka 13, wa familia ya Burundi, aliuliza, "Mwalimu, nyumba yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia haipo tena. Akatazama juu. Kwenye roshani ya ghorofa ya tatu mama mmoja wa Kijerumani alikuwa anamwagilia maua, na maji yanadondoka hadi chini tulipo.

"Kwa hiyo yule mama anaishi pale?"

"Anaishi pale."

Walianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe, Kiswahili na Kijerumani vikichanganyika, nani alichora mpaka gani, Goma iliangukia wapi, Bujumbura iliangukia wapi. Tulikaa dakika 25. Hakuna aliyeshika simu. Nilikuwa nikitazama saa na kuona ratiba inaporomoka, na bado sikuwa na moyo wa kuwakatiza.

U6. Kutoka Checkpoint Charlie tulishuka kituo cha Kochstraße. Wanafunzi kumi na mimi tuna Deutschlandticket. Wengine watano, wanafunzi wanne na mama, niliwakatia tiketi moja ya kikundi ya treni za mkoa, karibu euro 90, nikaamini inatosha kwa siku nzima. Haitoshi. Tiketi ile inakubalika kwenye treni za mkoa na S-Bahn, treni za mjini, lakini haifanyi kazi kwenye U-Bahn, zile za chini ya ardhi. Wakaguzi waliingia Stadtmitte. Watu watano, faini ya euro 60 kila mmoja: euro 300. Walikuwa wapole, walinionyesha maandishi madogo kwenye tiketi yenyewe. Mama wa watu alikaa kimya na mkoba wake magotini, mtu aliyejitolea siku yake kutusaidia, na wote ndani ya behewa wanamwangalia kama mwizi. Kuna tiketi ya saa 24 ya kikundi kidogo, hadi watu watano, eneo la AB (jiji la Berlin), mwaka 2025 ilikuwa euro 33 na senti kadhaa. Ningeinunua asubuhi, hadithi hii isingekuwepo.

Alexanderplatz. Niliwapa saa moja ya chakula nikaandika kwenye kundi la simu: "Tukutane saa nane kwenye Saa ya Dunia." Saa nane wakafika kumi na mmoja. Watatu hawapo. Ni ndugu wa familia moja ya Bukavu, na kwao nyumbani saa huhesabiwa kama inavyosomeka kwenye simu. Saa nane kwao ni 20.00. Walidhani mwalimu amewapa mchana mzima. Nilipowapata kwa simu walikuwa wameshakwenda East Side Gallery, wanatafuta kituo chao wakieleze, maskini, kwa sababu wao ndio waliokiandaa. Tuliwasubiri dakika 50.

Tangu siku hiyo kila muda tunaandika mara mbili: saa nane mchana, 14.00. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe saa hazifanani, na mwalimu wa darasa lenye watoto wa nchi nne nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Makumbusho ya Viumbe Asilia tulifika saa kumi na moja jioni, 17.00, ikabaki saa moja wafunge. Wadogo walilala sakafuni chini ya mjusi wa Tendaguru, kiunzi cha dinosaria aliyechimbwa huko Lindi. Vituo vingine vyote vilikufa.

Gharama: treni 90, faini 300, viingilio vya makumbusho 92, vyoo na maji 18. Jumla euro 500.

3 Mei 2025: kikao na wazazi

Nilisoma hesabu yote mbele ya wazazi, na nikasema faini ni kosa langu. Nitarudisha euro 150 kwenye mfuko kwa awamu. Baba mmoja alitaka tuache kabisa, na nilimwelewa. Mama aliyekaa kwenye treni ile ndiye aliyesimama kututetea. Alisema mwanawe tangu arudi anauliza kila jioni kuhusu mkutano wa 1884, na hajawahi kumwona akiuliza jambo la shule mara mbili.

Tumekubaliana kurudia. Kila familia inaongeza euro 10, zinazopatikana ni 140. Pamoja na euro 50 zilizobaki na zangu 150, tuna 340.

Orodha nimeifuta yote. Wilhelmstraße tumeshafika, kwa hiyo safari ya pili inaanzia pale hadithi inapoendelea, na ni vituo vinne tu: mjusi wa Tendaguru, Maji-Maji-Allee, jiwe la Mohamed Husen, na kanisa la udongo la Bernauer Straße. Lango la Brandenburg wanaweza kwenda na shule. Hivi vinne, tusipowapeleka sisi, nani atawapeleka?

Kundi jipya lisilofika Wilhelmstraße lianze nayo, siku ya peke yake au asubuhi mapema.

17 Mei 2025: mchele

Somo la leo lilihusu Tendaguru, na lilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler aliiona mifupa mikubwa kando ya njia huko Tendaguru, kilomita zipatazo 60 kaskazini magharibi ya Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalichimba pale. Waliochimba walikuwa watu wa kusini, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi hadi pwani, safari ya siku nne hivi kwa mguu, kisha zikapakiwa melini.

Watoto waliandika "tani 200" kwenye madaftari yao kama wanavyoandika namba yoyote. Ndipo nikaleta gunia la mchele la kilo 20 kutoka jikoni kwangu. Korido ya ukumbi wetu ina urefu wa mita 30. Kila mmoja alibebe kichwani au begani, aende hadi mwisho mara moja. Wakubwa walicheka mwanzoni. Kijana wa miaka 17, mchezaji wa mpira, alikwenda mara sita akalitua, shingo imemkakamaa. Tukapiga hesabu ubaoni: kutoka Tendaguru hadi Lindi ni korido hiyo mara 2,000, na mzigo wa mpagazi ulikuwa mzito kuliko gunia letu. Hapo kukawa kimya.

Binti mwenye bibi huko Mingoyo, Lindi, ameomba kituo cha mjusi kiwe chake. Anasema bibi yake humwita hivyo hivyo, "mjusi wetu".

Kwa mwalimu atakayeiga: funga gunia kwa mkanda wa gundi kwanza. Letu lilipasuka kwenye ngazi, na tuliokota mchele nusu saa.

14 Juni 2025: safari ya pili

Jua kali tangu asubuhi. Tulikuwa 17, watatu kati yetu watu wazima. Vitambulisho vilikaguliwa kwenye jukwaa la treni, tiketi ya kikundi kidogo ilinunuliwa Berlin kabla ya kushuka U-Bahn. Saa nne kamili, 10.00, tulikuwa mlangoni mwa Makumbusho ya Viumbe Asilia.

Mjusi wa Tendaguru ana kimo cha mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani kinachomfikia kwa urefu wa kwenda juu. Wataalamu wanamwita Giraffatitan brancai, na alisimamishwa mara ya kwanza 1937. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, na mfupa mmoja tu wa mkono wa juu unapita mita mbili. Tulimsimamisha mchezaji wetu wa mpira karibu na reli, kichwa kikaishia chini kabisa ya bega la mnyama.

Binti wa Mingoyo alianza kusimulia, na hapo nikagundua kosa la siku: ukumbi ule una paa la kioo, sauti inapaa na kupotea, na kufikia saa tano watu wamejaa. Waliokuwa nyuma hawakusikia neno. Tulitoka nje, tukakaa kwenye ngazi, akasimulia upya kuanzia Sattler hadi Boheti. Alimalizia na jambo alilolitafuta mwenyewe: mwaka 2007 aina nyingine ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Kisha tukarudi ndani, na safari hii hakuna aliyesema kitu. Walizunguka tu, wakihesabu mifupa. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni huu: simulia nje kwanza, ndani mtazame.

Wadogo hawakulala sakafuni.

U6 kuelekea kaskazini hadi Rehberge, kisha kwa mguu. Mtaa wa Kiafrika ulianza kupewa majina yake enzi za ukoloni. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama, alipanga kuweka pale pembeni wanyama na watu kutoka makoloni wa kutazamwa, hadi vita vya 1914 vikauzuia mpango huo. Watoto waligawana majina: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße, kila mmoja akikimbilia la kwao.

Chini ya kibao cha Maji-Maji-Allee tulisimama vibaya, kwenye njia ya baiskeli, tukapigiwa kengele mara tatu. Tulihamia Manga-Bell-Platz, ambako kuna nafasi na kivuli. Hapo kijana wa Burundi alieleza vita vya 1905 hadi 1907: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji yake, makabila yaliyoungana kusini, na jinsi majeshi ya Wajerumani yalivyochoma mashamba na maghala hadi njaa ikaua kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000. Alitaja pia kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha.

Mmoja wa ndugu wa Bukavu akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Vita viliisha 1907. Mifupa walianza kuchimba 1909. Ni watu wale wale?"

Hilo sikuwa nimelipanga kwenye somo. Nilimjibu kwamba ni kusini ile ile, na kwamba mtu aliyebeba mfupa mwaka 1909 alikuwa ameiona ile njaa kwa macho yake. Tuliacha maelezo mengine yote ya kituo hicho. Tulikula chini ya miti ya bustani ya Rehberge, chapati na sambusa walizofunga akina mama usiku, na chai ya tangawizi iliyokuwa bado moto.

Alasiri tulirudi na U6, tukachukua tramu ya Invalidenstraße hadi karibu na Brunnenstraße. Safari hii nilijua namba 193 iko wapi.

Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto aliingizwa vitani upande wa Wajerumani pamoja na baba yake askari. Mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mishahara yao ambayo haikulipwa. Hakuipata. Alibaki, akafanya kazi ya kuhudumia wateja mkahawani, akaigiza filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata, na tarehe 24 Novemba 1944 alikufa katika kambi ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin. Jiwe lake liliwekwa 2007, sentimita kumi kwa kumi, bamba la shaba ya njano lililopachikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu.

Lilikuwa limepiga weusi. Tulipiga magoti wawili wawili, tukaweka dawa ya kung'arishia shaba kwenye kitambaa, tukasugua. Mwanzo kitambaa kinatoka cheusi na jiwe halibadiliki, unadhani hakuna kitu. Kisha herufi ya kwanza inatokea, ya pili, halafu jina lote linawaka mara moja. Dawa nyingine iliganda nyeupe ndani ya herufi, na kitambaa hakifiki. Mama mmoja alitoa kijiti cha meno kwenye mkoba, akaichokonoa herufi moja baada ya nyingine akiwa amejifunga kanga kiunoni. Mkibeba dawa, bebeni na mswaki wa zamani.

Nikawaambia kwamba kazi ninayoifanya kila Jumamosi, huyu aliifanya hapa Berlin miaka 90 iliyopita. Binti wa kurasa mbili, yule aliyezuiwa Bungeni, ndiye aliyesoma jina kwa sauti. Waislamu wetu walimsomea Fatiha. Wapita njia wawili walisubiri hadi tukamaliza, ndipo wakapita.

Kituo cha mwisho, Bernauer Straße, ni mwendo mfupi kwa mguu. Ukuta ulijengwa hapa mwaka 1961, na kanisa lililobaki katikati ya eneo la ulinzi likalipuliwa 1985. Mwaka 2000 pale pale likazinduliwa kanisa dogo la umbo la yai, kuta zake za udongo ulioshindiliwa. Nilitaka kueleza, lakini watoto walikuwa wameshaweka viganja vyao ukutani. "Ni kama kwa babu Masasi," mmoja alisema, na mwenzake wa Burundi akasema ni kama kwao pia. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Tulikaa hadi muda wa treni.

28 Juni 2025: hesabu na marekebisho

Treni 90, tiketi ya Berlin 33, viingilio 103, dawa ya shaba 6, vyakula 40. Jumla euro 272, kama euro 19 na nusu kwa mwanafunzi. Mfukoni zimebaki 68.

Tumeandika mwongozo wa kurasa nane kwa Kiswahili, kila kituo kimeandikwa na aliyekieleza. Mahali tulipobishana zaidi ni neno la Stolperstein, jina la Kijerumani la mawe kama lile la Husen. Wengine walitaka "jiwe la kumbukumbu", ila tumebaki na "jiwe la kujikwaa", kwa sababu ndivyo lilivyo: unatembea zako, jicho linajikwaa. Njia nzima ina kutembea kama kilomita sita. Kwa mwenye miaka chini ya 12 ningeondoa kituo kimoja.

20 Septemba 2025: marudio na wazazi

Wazazi tisa wameomba wapelekwe, na waongozaji walikuwa wanafunzi wenyewe. Yule baba aliyetaka tuache alikuja, na alisugua jiwe kuliko wote.

Ramani imebadilika tena. Mwezi Agosti Mohrenstraße, katikati ya mji, ilipewa jina la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa aliyezaliwa Axim, Ghana ya leo, na kusoma Halle katika karne ya 18. Halle si mbali na kwetu. Tutakwenda tarehe 11 Oktoba, na orodha ya majina nimeshainakili kutoka kwenye pasipoti.